Huyu Barnes wa kaunti ndogo: alikuwa bora kuliko wote kweli au ni takwimu za kizamani tu?

Kijana_wa_Ilala
Wakuu habari za jioni. Mimi si mtu wa kriketi kivile ila kazini tuko na Wahindi kadhaa na kila saa ya chakula ni ubishi wa kriketi, sa nikaona nisiwe nakaa tu natoa macho, nikaanza kusoma soma. Juzi nikaingia kwenye ile orodha ya ICC (chombo kinachosimamia kriketi duniani) ya pointi za warushaji wa mechi za Testi, zile mechi ndefu za timu za taifa, ile ya muda wote, nikijua kabisa ntakuta warushaji maarufu wa juzi juzi, Warne au Muralitharan au McGrath, pale juu. Nakuta mtu anaitwa Sydney Barnes, Mwingereza, pointi 932, mwaka 1914. Enzi za Mjerumani hizo huku kwetu! Na mpaka leo hakuna aliyemfikia.

Haya, nikasema ngoja nimsome. Ndo nikachanganyikiwa zaidi, maana naambiwa muda mwingi wa maisha yake ya mpira hakuwa hata kwenye kaunti kubwa, alikuwa anachezea Staffordshire, ambayo ni kaunti ndogo, haimo kabisa kwenye daraja la kwanza la Uingereza. Yani ni sawa na mtu yuko ligi ya mkoa, anaitwa Taifa Stars, anawakalisha wote, afu anarudi zake ligi ya mkoa. Inawezekanaje? Walimnyima nafasi, au mwenyewe hakutaka, au zile takwimu ni za kuwaonea watu dhaifu? Mwenye kumjua atupe darasa tafadhali.

Pweza_wa_Nchi_Kavu
Kriketi si ule mchezo wanasimama kunywa chai katikati? 😂 Nakaa hapa pembeni nasoma.

mzee_wa_wiketi
Mkuu umegusa mtu wangu kabisa, kaa vizuri maana sitaandika kwa ufupi.

Sydney Francis Barnes kazaliwa Smethwick, tarehe 19 Aprili 1873, huko Staffordshire jirani kabisa na Birmingham. Na watu hawajui kwamba alianzia kaunti kubwa. Warwickshire walimchukua 1894, wakamchezesha mechi za kuhesabika mpaka 1896, mambo hayakwenda. Ila katikati ya hapo alikuwa ameshagundua kitu kimoja muhimu sana, kwamba kuna ligi. Ligi ya Lancashire klabu za miji ya viwandani zilikuwa zinamlipa mchezaji mmoja wa kulipwa, mechi ni Jumamosi mchana, watu wanatoka kiwandani wanajaa uwanjani, wiki nzima unafanya kazi yako nyingine. Jamaa akaenda Rishton, baadae Burnley. Sasa linganisha na kaunti kubwa: siku sita kwa wiki uko kiwanjani, unarusha mpira mpaka goti linauma, majira ya joto yakiisha hela imeisha, na ukizeeka kidogo unaachwa. Barnes alikuwa mtu wa hesabu. Alipiga hesabu akaona wale wa kaunti kubwa ndo wanaoonewa.

Sasa 1901 nahodha wa Lancashire na Uingereza, Archie MacLaren, anatafuta watu wa kwenda nao Australia. Yorkshire wamemkatalia watu wake wawili wa maana, Rhodes na Hirst. Kabakia hana warushaji. Akamwita huyu wa ligi aje amrushie mazoezini Old Trafford, kwenye neti. Wanasimulia mpira ulikuwa unaruka na kukata mpaka nahodha mwenyewe anapigwa mwilini, pale pale akamwambia jiandae, tunaenda wote Australia. Magazeti yalishangaa kweli kweli. Mtu ana mechi chache mno za daraja la kwanza, hana jina, anapelekwa kwenye msafara mgumu kuliko yote.

Testi ya kwanza Sydney akatoa wiketi 5 kwa mikimbio 65. Ya pili Melbourne akatoa 6 mara ya kwanza na 7 mara ya pili, jumla 13 ndani ya mechi moja! (Kwa wageni: mikimbio ni pointi wanazopata wapigaji, wiketi ni pale unapomtoa mpigaji, timu ina wapigaji 11 na wakitoka 10 zamu imeisha, kwa hiyo katika wapigaji 20 wa kutolewa yeye peke yake kawatoa 13.) Goti likamuumia Testi ya tatu Adelaide, msafara ukaisha kwake, na Uingereza ikafungwa mfululizo ule wa Testi tano 4 kwa 1.

Akarudi akacheza Lancashire misimu miwili kamili, 1902 na 1903, huo wa 1903 alitoa wiketi zaidi ya 130. Mwisho wa msimu akawaambia nataka uhakika wa kazi kipindi cha baridi, wakasema hatutoi. Akasema basi kwaherini. Yani kirahisi hivyo. Toka hapo hakurudi tena kaunti kubwa, 1904 akaingia Staffordshire, kaunti aliyozaliwa, na akabaki huko, ukitoa miaka ya vita na miaka mingine michache alipokuwa ligi tu, mpaka 1935. Hesabu mwenyewe alikuwa na miaka mingapi hapo.

Kijana_wa_Ilala
Miaka 62?? Mtu mzima huyo aisee. Endelea mkuu.

mzee_wa_wiketi
62 ndio, na bado anatoa watu.

Sasa kuhusu hiyo kaunti ndogo. Ubingwa wa kaunti ndogo ulianza 1895, ni zile kaunti ambazo hazina hela wala wachezaji wa kujaza timu ya kulipwa, wengi wao ni walimu, wakulima, makarani, na mmoja au wawili wanalipwa. Mechi enzi hizo ilikuwa siku mbili, na kwa msimu zilikuwa chache. Kwa hiyo Barnes akawa na ratiba yake safi: katikati ya wiki kazi ya ofisini, siku kadhaa Staffordshire, Jumamosi ligi. Kuanzia 1906 mpaka 1914 alikuwa klabu ya Porthill Park huko huko Staffordshire, vita ilipoanza akaenda Saltaire, ligi ya Bradford, ambayo ilikuwa haijasimama wakati kaunti kubwa zote zimefunga milango, hata Jack Hobbs, mpigaji mkubwa wa Uingereza, alicheza ligi hiyo, akiwa na timu ya Idle.

Staffordshire walikuwa hawana kitu kabla yake. Alipoingia wakachukua ubingwa 1906, 1908, 1911, na baada ya vita tena wakaendelea. Kwa Staffordshire peke yake alitoa wiketi 1,441 kwa wastani wa 8.15. Rudia kusoma hiyo. Kila mpigaji aliyemtoa alikuwa amemruhusu mikimbio 8 tu. Leo hii mrushaji mwenye wastani wa 25 kwenye Testi anaitwa hatari.

Otis_wa_Nairobi
Bana mzee heshima zako lakini mimi nitapinga kidogo. Hiyo 8.15 ndio shida yenyewe. Umesema mwenyewe ni walimu na wakulima. Mimi nimecheza kriketi shuleni na kidogo klabu hapa Nairobi, nakwambia bowler mmoja mzuri akikutana na watu wa wikendi anaua wote, na hiyo haimaanishi yeye ni bora kuliko McGrath. Afadhali tuangalie Testi peke yake. Na hata hizo Testi, pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodundia) za wakati ule zilikuwa hazifunikwi, mvua ikinyesha inageuka tope, mpira unafanya maajabu. Alafu nilisoma kwamba wiketi zake nyingi ni za Afrika Kusini, na kule walikuwa wanachezea juu ya mkeka, mkeka kabisa umetandikwa chini! Mpira ukigusa mkeka unakata vibaya. Toa Afrika Kusini tuone kama atabaki.

mzee_wa_wiketi
Otis hoja yako naikubali nusu, na ni hoja nzuri, ngoja tuitoe hiyo Afrika Kusini kama unavyotaka.

Jumla ya Testi zake ni 27, wiketi 189, wastani 16.43. Dhidi ya Afrika Kusini ni Testi 7 tu, wiketi 83, wastani chini ya 10. Hapo ni kweli hao watu waliteseka, siwezi kubisha, na ule mkeka ulimfaa kweli maana yeye mpira wake ulikuwa wa kukata baada ya kudunda. Toa zote. Zinabaki Testi 20 dhidi ya Australia, wiketi 106, wastani 21.58. Australia hao hao wa Trumper, wa Clem Hill, wa Armstrong. Na zaidi ya nusu ya Testi hizo kazichezea kule kule Australia, ambako pichi zilikuwa ngumu na nzuri kwa wapigaji, jua kali, mpira mpya ukichakaa warushaji wa Uingereza wengi walikuwa wanaomba poo. Sa nambie ni nani mwingine enzi hizo alikuwa anafanya hivyo.

Na kuhusu mkeka, kulikuwa na mtu mmoja aliyeuweza na Barnes akiwepo. Herbie Taylor, nahodha wa Afrika Kusini, msimu ule wa 1913-14 alipata mikimbio 508 kwenye zile Testi, wastani zaidi ya 50, wakati wenzake wote wanaanguka. Akachezea pia timu ya Natal wakawafunga hao hao Waingereza, mechi pekee waliyopoteza msafara mzima. Wengine huwa wanabishana Barnes Barnes, mi naona Taylor naye hasemwi vya kutosha.

Otis_wa_Nairobi
Sawa, 21.58 dhidi ya Australia, hiyo nimekubali, hiyo ni namba ya mtu. Bado pichi hazikufunikwa lakini 😄

BintiMakunduchi
Samahani kaka zangu, mimi naingia kati. Mnaandika wiketi, wastani, wiketi, wastani. Alikuwa anarusha vipi huyo mtu mpaka watu wanashindwa? Alikuwa na mbio sana au?

mzee_wa_wiketi
Dada swali lako ndo la maana kuliko yote tuliyoandika hapa.

Hakuwa wa mbio sana. Mwendo wa kati kuelekea mbio, mtu mrefu, mkono unatoka juu kabisa. Siri ilikuwa vidole. Kawaida kwenye kriketi kuna makundi mawili, wale wa mbio ambao mpira unapinda hewani, na wale wa polepole ambao wanauzungusha kwa vidole au kifundo cha mkono ili ukidunda ubadili njia. Barnes aliunganisha. Anazungusha kwa vidole kama wale wa polepole lakini kwa mwendo wa wale wa mbio, na anaweza kuupeleka kushoto au kulia bila kubadili mkono, kwa hiyo mpigaji hana pa kusomea. Ule wake wa kuogopwa ulikuwa unakuja hewani unaingia kuelekea miguuni kwa mpigaji, mpigaji anageuza gongo kuufuata, mpira unadunda unakata kwenda nje na kugonga kijiti cha upande mwingine. Na anaweza kukurushia hivyo mchana kutwa sehemu ile ile.

Kuna kipindi kulitokea mtindo mpya wa gugli, mpira wa kuzungushwa unaokata upande tofauti na mpigaji anaoutegemea, kila mrushaji wa spini anataka kujifunza. Inasemekana walimuuliza mbona wewe huirushi, akajibu sikuihitaji. Ndo alivyokuwa, hana maneno mengi na hana unyenyekevu wa bure.

FundiSaa_Kigoma
Hapo kwenye tabia ndo mnataka kunipita. Nilishasoma huyu mzee alikuwa mgumu balaa. Si kuna hadithi ya meli?

mzee_wa_wiketi
Ipo hadithi ya meli, haha. Kwenye msafara ule wa MacLaren bahari ilichafuka, watu wakaogopa, na MacLaren akajifariji kwamba tukizama angalau yule Barnes naye atazama na sisi. Na neno alilotumia halikuwa Barnes peke yake, alitanguliza tusi. Huyo ni nahodha aliyemchagua mwenyewe!

Ila mimi huwa namtetea hapo. Muelewe mazingira. Kriketi ya Uingereza ilikuwa na matabaka mawili rasmi, mabwana wasiolipwa na wachezaji wa kulipwa. Vyumba vya kubadilishia nguo mbalimbali, mahali pengine hata mlango wa kuingilia uwanjani ni tofauti, na nahodha lazima awe bwana hata kama hajui kurusha wala kupiga. Mfumo huo ulikuja kufutwa mwishoni mwa 1962. Sasa Barnes alikuwa wa kulipwa na alijua thamani yake, anadai malipo yake bila kuinamisha kichwa, na wakubwa hawakuzoea. Angekuwa leo wangesema ana wakala mzuri.

Mfano mzuri ni 1911-12 Australia. Nahodha mkuu Warner kaumwa, kashika Johnny Douglas. Testi ya kwanza Sydney huyu Douglas akachukua mpira mpya akarusha mwenyewe na Frank Foster, Barnes kawekwa akiba mpaka mpira umechakaa. Barnes akanuna wazi wazi, wakafungwa. Testi ya pili Melbourne, tarehe 30 Desemba, Douglas akapata akili akampa mpira mpya, na kumbuka asubuhi hiyo jamaa alikuwa anaumwa. Bardsley akatoka, Kelleway akatoka, Hill akatoka, Armstrong akatoka. Wiketi nne, mikimbio aliyoruhusu ni 1. Moja! Australia 11 kwa wiketi 4. Mashabiki wakaanza kumzomea kwa sababu anachukua muda kupanga watu wake uwanjani, basi akagoma, akautupa mpira chini akasimama mikono kifuani mpaka wanyamaze. Akaishia na 5 kwa 44, na kutoka hapo Uingereza wakashinda Testi nne mfululizo. Yeye 34, Foster 32 kwa mfululizo mzima.

Kijana_wa_Ilala
Dah. Kugoma mbele ya watu wa Melbourne na uko ugenini. Sasa mkuu hiyo 932 ndo aliipata Afrika Kusini?

mzee_wa_wiketi
Ndio, msafara wa 1913-14. Johannesburg alitoa 8 kwa 56 na 9 kwa 103, jumla 17 kwenye mechi moja, ikawa rekodi ya Testi mpaka Jim Laker alipotoa 19 mwaka 1956. Testi nne wiketi 49, wastani 10.93. Hiyo 49 ya mfululizo mmoja haijavunjwa mpaka leo, zaidi ya miaka 110. Na Testi zilikuwa tano! Ya tano hakucheza, walizozana juu ya pesa akasema sichezi, akakaa nje akiwa na miaka 40. Vita ikaanza mwaka ule ule na Testi zake zikaishia hapo. Kwa hiyo rekodi ambayo hakuna anayeifikia aliiweka akiwa kagomea mechi moja.

Na usisahau kwamba wakati anafanya yote hayo timu yake nyumbani ilikuwa Staffordshire. Testi alizocheza nyumbani Uingereza ni 10 tu maisha yake yote. 1902 pale Sheffield alitoa 6 kwa 49 halafu Testi iliyofuata hawakumpanga, na ikapita miaka mitano bila kuitwa. Kwa hiyo swali lako la mwanzo la kunyimwa nafasi au kutotaka, jibu ni yote mawili, ila zaidi ni kwamba wao walikuwa wanamhitaji kuliko yeye alivyokuwa anawahitaji wao.

Otis_wa_Nairobi
Wasee na hiyo ya uzeeni mmeiruka. Mimi nimeenda kusoma nikijua ntapata pa kumpinga, nikakuta 1928 akiwa na miaka 55 aliichezea Wales dhidi ya West Indies waliokuwa ziarani, akatoa 12 kwenye mechi moja, 7 kwa 51 na 5 kwa 67. Hao si walimu tena, hiyo ni timu iliyokuja kucheza Testi. Na mwaka uliofuata akawapiga Afrika Kusini tena, 8 kwa 41, akiwa na timu ya kaunti ndogo zilizounganishwa. Watoto wa wale aliowatesa 1914 labda 😂 Naondoa pingamizi langu la mkeka. La pichi naliacha hapo hapo.

BintiMakunduchi
Na hiyo kazi ya ofisini mliyosema ilikuwa kazi gani? Maana mmesema alikuwa na ratiba ya kazi katikati ya wiki.

mzee_wa_wiketi
Karani. Alianzia kampuni ya mgodi wa makaa ya mawe Staffordshire, baadae akawa anaandika hati za kisheria kwa mkono kwa ajili ya halmashauri ya kaunti. Alikuwa na mwandiko wa sanaa kabisa, ule wa kuchora herufi. 1957 Malkia Elizabeth alipotembelea Stafford hati ya kumbukumbu aliiandika Barnes, na alikuwa na miaka 84. Vidole vile vile. Alifariki tarehe 26 Desemba 1967 akiwa na miaka 94, na miaka michache kabla Wisden, kile kitabu kikuu cha kriketi, walipotimiza toleo la 100 mwaka 1963 walichagua vigogo sita wa karne nzima, akawemo pamoja na Bradman, Grace, Hobbs, Trumper na Tom Richardson. Katika hao sita ndo pekee ambaye timu yake ya miaka mingi ni kaunti ndogo.

Pweza_wa_Nchi_Kavu
Nilikuja kucheka nimesoma mpaka mwisho. Swali la mjinga: leo hii inawezekana mtu akae kaunti ndogo aitwe timu ya taifa?

mzee_wa_wiketi
Si la mjinga. Kwa sasa ni ngumu sana. Kaunti ndogo zimebadilishwa jina 2020, zinaitwa kaunti za taifa, na kijana akionekana ana kipaji anachukuliwa na akademi ya kaunti kubwa akiwa bado shuleni. Durham wao walipanda kama timu nzima, 1992 wakaingia daraja la kwanza, na kabla ya hapo 1973 walishawafunga Yorkshire kwenye kombe, kaunti ndogo ya kwanza kuifunga kubwa. Pia hela imegeuka, wakati wa Barnes ligi ya Jumamosi na ofisi vilimlipa vizuri kuliko kaunti, leo kaunti na hizi ligi za mechi fupi ndo zenye hela. Kwa hesabu za Barnes mwenyewe, leo angekuwa anacheza India, na angedai tiketi ya mke wake kwanza kabla hajasaini.

Kijana_wa_Ilala
Asanteni sana wakuu. Kesho saa ya chakula naanza na ile ya wiketi nne kwa mkimbio mmoja, nione Wahindi watasemaje. @mzee_wa_wiketi nikija na swali la huyo Herbie Taylor usinikimbie.